JINA LA MTU NA MEZA YA POOL



Leo naandika juu ya pool. Ndio, ile meza yenye kitambaa cha kijani na mashimo sita, iliyo kwa kibanda cha mabati karibu na stage ya bodaboda. Najua kuna mama wa maombi hapa tayari amekunja uso. Mama, soma mpaka mwisho kwanza, halafu uniandikie.

Wengi wanaomhukumu mchezaji wa pool hawajawahi kusimama hata dakika kumi wamtazame akicheza. Wanamjua kwa sinema. Hata yule ambaye hajaiona sinema anaishi na picha iliyotoka huko: chumba cha giza, moshi wa sigara, chupa, noti kwenye ukingo wa meza, na mtu mjanja anayekungoja ujidanganye kwamba unaweza kumshinda.

Picha hiyo ina mwaka wake. Mwaka 1959 Mmarekani aitwaye Walter Tevis alitoa riwaya, na mwaka 1961 ikawa sinema, The Hustler. Paul Newman aliigiza kijana Eddie Felson, fundi wa pool anayezunguka miji akila pesa za watu. Anajifanya hajui. Anapoteza mchezo wa kwanza, anapoteza wa pili, dau linapanda, ndipo anaonyesha mkono wake wa kweli. Hiyo ndiyo kazi ya hasla kwao. Sisi Kenya neno hilo tumelivalisha suti: hasla ni mama mboga, ni mtu wa mkokoteni, ni kila anayejitafutia kwa jasho, na tangu 2022 lina hazina yake ya mikopo. Kwenye meza ya pool ya Marekani, hasla ni mtu anayekudanganya huku anakuangalia machoni. Msichanganye hayo mawili.

Na ukiitazama ile sinema kwa makini, haimsifu huyo mtu hata kidogo. Eddie anavunjwa vidole gumba na watu waliogundua amewachezea akili. Mwanamke aliyempenda anajiua. Mwishoni anamshinda bingwa, lakini anatoka ukumbini akiwa ameonywa asionekane tena kwenye kumbi kubwa. Ni hadithi ya huzuni. Lakini watu walibeba nini kutoka humo? Walibeba mapozi. Walibeba moshi na dau. Kumbi za pool zilizokuwa zikifungwa huko Marekani zikajaa tena, na mchezo ukarudi na sifa mpya ya ulaghai juu ya ile ya zamani.

Ndani ya hiyo sinema kuna bingwa mmoja mnene, mtulivu, amevaa vizuri, aliyeigizwa na Jackie Gleason. Anaitwa Minnesota Fats. Shikeni jina hilo.

Kulikuwa na mtu halisi, Rudolf Wanderone, mzaliwa wa New York, mnene pia, mcheza pool wa pesa tangu ujana. Watu wa meza walimjua kama New York Fats. Sinema ilipotoka akasimama akasema, huyo ni mimi. Hiyo hadithi ilitoka kwangu. Tevis akakana. Alieleza kwamba alimtunga huyo mtu kichwani mwake, jina na kila kitu. Alikana tena na tena, wala haikusaidia. Wanderone aliacha New York akachukua Minnesota, akaingia kwenye televisheni, na watengenezaji wa meza za pool wakamtafuta ili wauze kwa jina lake. Mzaliwa wa New York, mkaazi wa Illinois, akajulikana nchi nzima kwa jimbo la watu wengine na kwa jina la mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Maisha yake yote hakushinda shindano kubwa hata moja.

Yakobo alivaa nguo za Esau kwa saa chache. Huyu alizivaa mpaka alipokufa mwaka 1996.

Sitaki kumchafua marehemu. Kucheza alijua. Alikuwa mcheshi, na mbwa na paka wa barabarani aliwaokota akawalisha. Watu walimpenda na walikuwa na sababu ya kumpenda. Ninachosema ni kwamba jina alilokufa nalo hakulipata kwa fimbo yake. Alilipata kwa mdomo.

Sasa mtazameni mwenzake wa umri mmoja naye. Willie Mosconi wa Philadelphia, aliyezaliwa mwaka huo huo wa 1913. Baba yake alikuwa na ukumbi wa pool lakini hakutaka mtoto acheze. Alitaka awe mtu wa jukwaani. Akamfungia vifaa. Mtoto akatafuta viazi vidogo na mpini wa ufagio, akaendelea kufanya mazoezi. (Wazazi mnaoficha vitu juu ya kabati, mmeona.) Kati ya 1941 na 1957 huyu mtoto wa viazi alikuwa bingwa wa dunia mara 15. Mwezi wa Machi 1954, mjini Springfield, Ohio, alitumbukiza mipira 526 mfululizo bila kukosa hata mmoja, katika ule mchezo ambapo unataja mpira na shimo kabla ya kupiga. Rekodi hiyo ilikaa miaka 65.

Mosconi aliichukia sana hiyo habari ya ulaghai. Alivaa suti. Alitaka pool iheshimiwe kama mchezo mwingine wowote, mahali ambapo mtu anaweza kumleta mke wake na watoto. Na sikizeni jambo hili, maana mimi nililisoma mara mbili: ni yeye aliyeitwa kuwa mshauri wa ufundi wa The Hustler. Alimfundisha Newman kushika fimbo. Mikono inayopiga baadhi ya mipira migumu mle ndani ni yake. Anaonekana pia kidogo kwenye sinema, na kazi aliyopewa ni gani? Kushikilia pesa za dau. Mtu aliyepigana maisha yake yote kuitenga pool na kamari, picha yake ya kudumu kwenye sinema ni ameshika pesa za kamari.

Mwaka 1978 televisheni ya ABC iliwakutanisha hao wawili pale hoteli ya Waldorf Astoria, New York. Watu wengi sana waliwatazama nchi nzima. Wanderone aliongea mwanzo hadi mwisho, akitania, akijisifu, ukumbi ukicheka. Mosconi alinyamaza, uso umekaza, akatumbukiza mipira. Alishinda, tena bila shida. Lakini uliza mtu wa kawaida Marekani leo amtajie mchezaji mmoja wa pool wa zamani. Wengi watataja yule aliyeshindwa.

Hapa mtaniruhusu nitoke kidogo kwenye pool, maana jambo hili liko kwetu. Angalieni mabango ya krusedi kwenye nguzo za stima kutoka hapa mpaka mjini. Mtu alianza huduma Januari, kufikia Disemba ni Askofu Mkuu. Mwingine ni Daktari. Wa nini, kutoka chuo kipi, hakuna anayeuliza. Mwingine ni Nabii wa Mataifa na hajawahi kuvuka kaunti. Sisi watumishi tuna midomo mikubwa kuliko ya Wanderone, na washirika wetu wanapiga makofi vile vile ukumbi wa Waldorf ulivyocheka. Halafu tunapita kwa meza ya pool tunasema, hawa ndio wadanganyifu.

Haya, turudi.

Kuna wa tatu ambaye nampenda kuliko hao wote. Efren Reyes wa Ufilipino, aliyezaliwa 1954. Jina lake la utani ni Bata, ambalo kwa lugha ya kwao ni mtoto, si ndege wala si duka la viatu. Alipelekwa Manila akiwa mdogo, akakulia kwenye ukumbi wa pool wa mjomba wake. Alisimama juu ya makreti ya soda ili aifikie meza, na usiku alilala juu ya hiyo hiyo meza. Mwaka 1985 alienda Marekani kucheza. Lakini sifa zake zilikuwa zimeshaanza kuvuka bahari, na mtu mwenye sifa hapati wa kucheza naye kwa pesa. Kwa hiyo alijiandikisha kwa jina lingine, Cesar Morales, akashinda shindano huko Houston kwa jina hilo.

Sasa mtu ataniambia, Mchungaji, huyo naye si ni hasla wa sinema? Ndio, hapo alifanya kama Eddie Felson, na kuficha jina siwezi kukuita utakatifu. Lakini ona kilichofuata. Jina lake halisi lilijulikana haraka, na kuanzia hapo alicheza mbele ya kila mtu. Mwaka 1994 akawa mtu wa kwanza asiye Mmarekani kushinda U.S. Open ya mipira tisa. Mwaka 1999, mjini Cardiff, akawa bingwa wa dunia. Katikati ya hapo, mwaka 1996 huko Hong Kong, alikutana na Mmarekani Earl Strickland kwa mechi ya wa kwanza kufika michezo 120. Zawadi ilikuwa dola 100,000, zote za mshindi. Reyes alishinda 120 kwa 117. Na mechi ile waliipa jina gani? The Color of Money, jina la sinema ya mwaka 1986 ambapo Newman alirudi akiwa Eddie mzee pamoja na Tom Cruise, na ikampa Newman Oscar yake. Yaani wachezaji wa kweli, wenye ufundi ambao hakuna mwigizaji anaweza kuufikia, bado walihitaji jina la sinema ili watu wanunue tiketi.

Hii ndiyo inaniuma. Mtu anafanya mazoezi miaka 20, anajifunza kuufanya mpira mweupe urudi, ujipinde, usimame alipotaka. Halafu ukimwona unamwona mwigizaji.

Kwetu kanisani kuna kijana anayecheza pool ya mashindano. Mchana anachomelea vyuma, jioni anafanya mazoezi, Jumapili anapanga viti kabla wengi wetu hatujaamka. Jina lake lilipendekezwa kuwa katibu wa vijana, likapingwa. Nilingoja kusikia kosa. Hakuna aliyesema ameiba. Hakuna aliyesema amelewa, au ana deni la mtu, au amemdanganya binti wa mtu. Sababu ilikuwa maneno mawili: anacheza pool. Wazee wangu nawaheshimu, na wanajua msimamo wangu kwa sababu niliwaambia ana kwa ana kabla ya kuandika hapa. Sikubaliani nao. Mithali inapoliweka jina jema juu ya mali nyingi, inaongea juu ya jina la mtu huyo na matendo yake, si jina la Eddie Felson.

Simaanishi kwamba kila meza ni salama. Mimi si mtoto. Kuna meza zimewekwa makusudi ndani ya baa ili anayengoja zamu aendelee kuagiza. Kuna meza ambapo mwanafunzi amevaa yunifomu saa nne asubuhi, na machifu wanapozifunga mchana nawaunga mkono. Na kuna kamari. Vijana wawili wakiwekeana shilingi 50 leo, kesho ni 500, na siku ya mwisho wa mwezi kodi ya nyumba imeingia shimoni pamoja na mpira mweusi. Hayo nimeyaona kwenye familia ninazozitembelea, na yanaleta njaa ndani ya nyumba. Anayecheza hivyo nitamkemea, hata akiwa wa kwaya.

Lakini nitamkemea kwa kucheza kamari. Mbona yule anayebeti mpira kwa simu, amekaa kiti cha tatu kutoka mbele, hatumwoni? Simu haina moshi, na Hollywood haijamtungia sinema ya kututisha. Ninawajua zaidi ya watano, na wengine ni baba za watoto wanaokatazwa kukaribia meza ya pool.

Mzazi, usiniulize kama pool ni dhambi. Nenda mwenyewe jioni pale anapocheza mwanao. Angalia kama kuna pesa kwenye ukingo wa meza. Angalia nani mwenye meza na anauza nini kingine. Angalia mwanao akishindwa anafanyaje: anamshika mwenzake mkono, au anaanza kutafuta dau lingine la kurudisha la kwanza? Saa moja hapo itakueleza mengi kuliko miaka kumi ya kusikia habari zake kwa majirani.

Jumamosi hii saa tisa mchana kijana wetu ana mechi pale kwa social hall. Hakuna kiingilio, hakuna bia, na mwenye ukumbi amepiga marufuku kubeti. Mimi nitakuwepo, bila tai. Wazee nimewawekea viti vinne mbele.