Difenda Jipya, Jina la Zamani: Nani Kasema Ni Lilelile?

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye foleni ya chakula kafeteria, simu ikaita. Alikuwa mjomba wangu wa Makete. Mjomba ni dereva wa parokia, na kwa miaka mingi ameendesha Land Rover 110 ambalo pale kijijini kila mtu analiita Landrova, basi. Limebeba mahindi, limebeba viti vya harusi, limebeba majeneza, na usiku wa masika limebeba akina mama wajawazito kwenda hospitali kwenye barabara ambayo Noah haithubutu. Sasa limechoka. Chasisi imeliwa na kutu, na kamati ya parokia imeanza kuchangisha fedha za gari lingine.

Baada ya shikamoo na marahaba, mjomba akaingia kwenye shida yake moja kwa moja. "Mjomba, kuna mjumbe wa kamati katuonyesha Difenda jipya kwenye simu. Anasema tuchukue hilo, maana ndiyo Landrova letu hilihili, ila la kisasa. Wewe uko chuo, hebu niambie. Ni lilelile?"

Nikamwambia nitampigia. Ukweli sikuwa na jibu. Nimekaa na swali lake wiki mbili, na naliandika hapa kwa sababu naona ni swali letu sote. Siku hizi kampuni za magari zimeingia kwenye mtindo wa kufukua majina yaliyokwisha kuzikwa. Ford walichukua jina la Capri, gari la milango miwili lililokoma mwaka 1986, na mwaka 2024 wakalibandika kwenye gari la umeme la milango minne. Jina ni lilelile, lakini mwenye kumbukumbu ya lile la zamani akiangalia hili jipya anabaki anajikuna kichwa. Difenda ni habari ya namna hiyohiyo, tofauti ni kwamba hili linatuhusu sisi hadi kijijini.

Tuanze na jina lenyewe. Land Rover la kwanza lilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeisha juzi tu, chuma Uingereza kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa alumini. Lilikusudiwa kuwa gari la mkulima: la kulima, kuvuta, kubeba. Lakini halikuitwa Defender. Jina hilo lilikuja mwaka 1990, gari likiwa na umri wa miaka 42, kwa sababu kampuni ilikuwa imeleta gari lingine, Discovery, na ikabidi lile la zamani nalo lipewe jina lake la kulitofautisha. Kwa hiyo magari mengi ambayo watu wanayakumbuka kwa machozi wakisikia neno Defender, yalipotoka kiwandani hayakuwa na neno hilo popote kwenye bati lake.

Na hapa kwetu neno lenyewe lilishahama. Gari la polisi lenye askari nyuma likisimama getini, hakuna anayeuliza limeundwa wapi. Utasikia tu, "Wakuu, difenda limefika." Ukilitazama vizuri, mara nyingi ni Toyota Land Cruiser. Yaani watu hawakuangalia nembo. Waliangalia gari linafanya kazi gani, wakalipa jina la aliyeizoea kazi hiyo. Tumefanya hivyo hivyo kwa Bajaji: jina la kampuni moja ya India leo ni jina la kila pikipiki ya magurudumu matatu, hata iliyotengenezwa na mshindani wake.

Tarehe 29 Januari 2016 Defender la mwisho la aina ile ya zamani lilitoka kiwandani Solihull, Uingereza. Ukichanganya na ndugu zake wa tangu 1948, yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni mbili. Miaka mitatu baadaye, Septemba 2019, kwenye maonyesho ya Frankfurt, jina likafufuliwa. Na hapa ndipo mambo yanakuwa kama kikao cha mirathi, maana marehemu aliacha vitu vitatu, na kila kimoja kikaenda kwa mrithi wake.

Mrithi wa kwanza alichukua jina. Ni hilo Defender jipya, linalotengenezwa Nitra, Slovakia. Lile la zamani lilikuwa na chasisi ya vyuma kama ngazi, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Bati likipondeka, fundi anafungua kipande hicho, anafunga kingine. Hili jipya bodi na chasisi ni kitu kimoja cha alumini, na mifumo yake mingi inaendeshwa kwa kompyuta. Tusilionee lakini. Lile la zamani liliweza kuingia kwenye maji ya sentimita 50. Hili linaingia sentimita 90. Mwaka 2020 lilipata nyota tano za usalama za Euro NCAP. Lile la mjomba halina hata mfuko mmoja wa hewa wa kumkinga dereva, na ni sababu hiyo ya mifuko ya hewa iliyolitoa Defender la zamani kwenye soko la Marekani baada ya 1997. Kama ni kulinganisha chuma kwa chuma, mtoto amemzidi baba.

Mrithi wa pili alichukua sura. Jim Ratcliffe, tajiri wa kampuni ya kemikali ya INEOS, alitaka mitambo ya kutengenezea lile la zamani, akakataliwa. Akaamua kuunda lake. Jina alilitoa kwenye baa moja ya London, The Grenadier. Lina chasisi ya ngazi, ekseli nzima mbele na nyuma, injini za BMW, na linatengenezwa Hambach, Ufaransa. Ukiliona kwa mbali unasema hilo hapo Landrova. Wenye jina walijaribu kuisajili sura ya gari lao la zamani iwe alama yao ya biashara, lakini Agosti 2020 Mahakama Kuu ya London ilikataa. Kwa hiyo mmoja ana jina bila sura, mwingine ana sura bila jina, na wote wawili walikwenda mpaka kwa wanasheria.

Mrithi wa tatu hakwenda kwa mwanasheria. Alichukua kazi. Huyo ni Toyota Land Cruiser la mfululizo wa 70, lililoanza mwaka 1984 na linatengenezwa mpaka leo, lile ambalo sisi tunaliita mkonga kwa sababu ya bomba lake la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Ukienda wilayani, hilo ndilo utakalolikuta limepaki nje ya hospitali, nje ya halmashauri, nje ya kituo cha polisi. Na kuna kichekesho hapa. Toyota wenyewe wanasimulia kwamba gari lao lilipopewa jina la Land Cruiser mwaka 1954, aliyelichagua alikuwa anawaza jina ambalo halitasikika dogo mbele ya Land Rover. Yaani hata jina la mshindani lilitungwa huku sikio moja liko Uingereza.

Sasa, mirathi ikishagawanywa hivyo, nani anastahili kuitwa mtoto wa marehemu?

Najua kuna watakaosema naleta falsafa kwenye bati. Rafiki yangu wa uhandisi aliniambia, "Bana, jina ni mali ya kampuni. Waliposajili, wanaweza kulibandika hata kwenye friji." Kisheria yuko sahihi. Na wapo wa upande wa pili, mashabiki wa zamani, wanaolia kwamba hili jipya limekuwa laini, halina pembe, halina kelele. Hao nao siwaungi mkono sana. Kelele na kuvuja mvua havikuwa sifa, vilikuwa shida tulizozoea.

Msimamo wangu ni huu. Kampuni ililichapa jina kwenye bati, lakini maana yake ilijazwa na watu wengine: dereva aliyelisukuma kwenye tope saa nane za usiku, fundi wa chini ya mwembe aliyelifufua kwa spana na waya, mama aliyefika hospitali akiwa hai. Hiyo sehemu ya pili haikusajiliwa popote. Kampuni inapolifufua jina, inauza na hiyo sehemu ambayo si yake. Haina kosa kuiuza. Lakini sisi tukinunua bila kuuliza, kosa ni letu.

Na maswali ya kuuliza yako matatu tu. Linabeba nini? Likiharibika, nani analifungua? Nani anaweza kulinunua? Gari la mwaka 1948 lilijibu yote matatu kwa mkulima wa Uingereza, na baadaye kwa padri, bwana shamba na mganga wa wilaya huku kwetu. Defender jipya linajibu la kwanza vizuri sana. La pili, kwa Makete, halijibu. Mafundi wetu wa kule wana spana, hawana kompyuta ya kampuni. La tatu ndiyo kabisa: lilipoingia sokoni Uingereza bei ilianzia zaidi ya pauni 40,000, na hapo hujaweka meli, kodi na ushuru. Grenadier nalo, pamoja na sura yake ya shamba, si la bei ya mkulima. Wote wawili wamefufua kumbukumbu ya gari la kazi na kuipeleka kwa mtu asiye na kazi hiyo.

Hili si la magari peke yake, ndiyo maana nimeliletea jarida letu. Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ukikaribia hukosi mgombea anayeahidi kufufua jina fulani la zamani: klabu iliyokufa, mdahalo uliokuwa ukijaza ukumbi, gazeti la ukutani. Tunapiga makofi kwa sababu jina ni tamu. Hebu tukumbuke historia. Mwaka 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha jarida la Cheche. Mwaka 1970 likapigwa marufuku, pamoja na USARF, chama cha wanafunzi kilichokuwa kikilitoa. Baada ya hapo likaanza kutoka jarida lingine palepale chuoni, MajiMaji, na mijadala ikaendelea. Jina lilikufa, kazi ikapata nguo nyingine. Wale wangeng'ang'ania jina wakaiacha kazi, leo tusingekuwa na cha kukumbuka. Kwa hiyo mgombea akija na jina la zamani, tumuulize kama tunavyouliza gari: linabeba nini, nani atalitengeneza likikwama, na nani ataweza kulipanda? Kama ni kofia na fulana za kampeni tu, hilo ni Difenda la kwenye simu.

Juzi nikampigia mjomba. Nikamwambia, "Jina ni lilelile, mjomba. Gari ni lingine." Nikamweleza habari ya chasisi, ya kompyuta, na bei. Alinyamaza kidogo. Akaniuliza kama ni kweli linaingia maji ya sentimita 90, nikamwambia ni kweli. Akasema, "Hilo ni zuri. Lakini likizima katikati ya hayo maji, mimi na nani?"

Kamati inakaa mwezi ujao. Wengi wanaelekea kwenye mkonga uliotumika, ingawa yule mjumbe bado anasema Difenda lina heshima yake mbele ya parokia jirani. Nikamuuliza mjomba kama hataumia kuona Landrova limeondoka pale kijijini baada ya miaka yote hiyo. Akacheka. "Nani kakwambia litaondoka? Hata ije Toyota, siku ya kwanza tu utasikia watoto barabarani wanasema Landrova la parokia limefika. Wewe bumu likitoka, usisahau mchango."

Nimeahidi. Sasa nimeshaandika, sina pa kukimbilia.