Kupanda Kwitutu na watoto: anza na safari ya kurudi



Shule zitakapofungwa Agosti, wengi wenu mtafunga mizigo kwenda mashambani, na baadhi yenu mtashukia Sori, pale kando ya Ghuba ya Karungu. Siku mbili tatu za kwanza huwa tamu. Kuna nyanya wa kuamkiwa, ngege wa kukaangwa na binamu wa kutaniwa. Siku ya nne, watoto wa mjini huanza kuulizia televisheni. Basi leo tuzungumzie matembezi ya mlima yasiyohitaji kamba wala nguo za barafu: kupanda Kwitutu, kilele cha kisiwa cha Mfangano.

Sori iko Kaunti ya Migori na Mfangano iko Homa Bay. Unafuata barabara ya kupitia Sindo hadi Mbita, kisha unaabiri feri au motaboti. Wenyeji wa kisiwa ni Abasuba, ingawa siku hizi utasikia Kijaluo zaidi kuliko Kisuba. Wafundishe watoto "oyawore" ya asubuhi na "oimore" ya jioni kabla hawajakanyaga ufuoni. Mgeni anayepita miji ya watu bila salamu hutazamwa vibaya, na ni haki yake.

Kilele kina kimo cha karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiiogope tarakimu hiyo. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,135, kwa hiyo miguu yako itapanda mita 560 hivi. Jumba la KICC jijini Nairobi lina mita 105. Waambie watoto wanakwenda kupanda KICC tano na ushei bila lifti, nawe utajua mara moja nani ana nia.

Sasa saa. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wenzake huitumia hata leo katika visiwa vyao vya baridi na ukungu: saa 1 kwa kila maili 3 za njia, halafu saa 1 nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa vipimo vyetu ni kama kilomita 5 na mita 600. Chukulia njia yenu ni kilomita 4 hadi juu. Hizo ni dakika 48 za kutembea na dakika 56 za mwinuko. Jumla, saa 1 na dakika 44. Lakini Naismith alimhesabia mtu mzima mwenye nguvu asiyesimama. Hakuwa na mtoto wa miaka 7 anayeokota kila jiwe, wala shangazi anayeulizia habari za kila mji. Mimi huzidisha mara mbili. Saa 3 na nusu kupanda, saa 2 na nusu kushuka, saa 1 ya kula na kupumzika: saa 7 nzima.

Hapo ndipo wengi hupotoka. Ukitoka Sori alfajiri, ungojee chombo Mbita na kuanza kupanda saa 5, utafika chini saa 12 jioni. Jua huzama kabla ya saa 1. Sasa una watoto waliochoka, giza linaingia, na mbele yako kuna ziwa.

Ziwa hilo si la kuchezea. Asubuhi mara nyingi hutulia. Alasiri upepo huvuma na mawimbi huinuka, na dhoruba yaweza kuja ghafla. Mnamo Septemba 20, 2018, feri ya MV Nyerere ilipinduka upande wa Tanzania, karibu kabisa na gati ya kisiwa cha Ukara, ikiwa imepakia kupita kiasi. Watu zaidi ya 200 walikufa. Kwa hivyo hesabu majaketi ya kujiokolea kabla ya kupanda, yakiwemo ya watoto. Ukiambiwa "yatatosha tu", shuka ungojee chombo kingine, hata kama nauli umelipa.

Ushauri wangu ni kulala Sena, mji mkubwa wa kisiwa, usiku wa kabla na usiku wa baada ya kupanda, na kuvuka asubuhi. Ndiyo, ni gharama; watoto na walale watatu kitanda kimoja chini ya chandarua. Tena nenda katikati ya juma. Atakayewasukuma kuvuka jioni yenye upepo huwa ni baba mwenye kazi Jumatatu.

Tafuta kiongozi mwenyeji. Ulizia katika Abasuba Community Peace Museum, na mpatane bei kabla ya kuondoka. Atawaonyesha pia michoro ya kale ya miambani, Mawanga na Kwitone: miviringo ya rangi nyekundu na nyeupe ambayo wataalamu huihusisha na Watwa, wawindaji waliokuwako kabla ya Abasuba. Abasuba nao walipatumia kwa matambiko ya mvua. Msiiguse, wala msiimwagie maji ili itokee vizuri kwenye picha. Maji huiharibu.

Anzeni saa 1 asubuhi, na mkubaliane mapema kwamba saa 5 ikigonga mnageuka, mlipo ndipo hapo, hata kilele kikiwa mbele ya pua. Msimwache mtoto aliyechoka nyuma kwamba "tutakukuta hapa". Mtu mzima ageuke naye. Kila mkubwa abebe lita 2 za maji. Raba ziwe zilizokwisha kuzoea mguu, si mpya za sikukuu. Viazi vitamu vya kuchemsha hushinda biskuti. Leso moja ya nyanya itafaa kwa kivuli, kwa kukalia na hata kwa kufunga kifundo kilichoteguka. Mkishuka na jasho, msikimbilie kuogelea ziwani, kichocho kipo.

Na mkifika juu hewa ikiwa safi, tazameni mashariki: mtaviona Takawiri na Rusinga, na kusini milima ya Gwassi. Nyuma ya milima hiyo ndiko Sori, nyanya anakongoja. Mpigie simu umwambie mtarudi kesho kutwa, si leo.