Sampuli Ipande Meli, Mama Abaki Muleba

Uvimbe wa saratani ya titi, unapoanza, kwa kawaida hauumi. Mwanamke anaugusa akioga, anaubonyeza, hasikii kitu, anajifunga kanga na kwenda zake kibanjani, kwenye migomba yake. Katika vijiji vya Muleba na Bukoba, mkoani Kagera, mtu huhesabiwa mgonjwa pale anaposhindwa kushika jembe au kubeba mkungu wa ndizi. Kitu kisichouma hakina nafasi katika orodha ya magonjwa. Miezi inapita. Siku ngozi inapovutika, chuchu inapozama au kidonda kinapofunguka, ndipo ukoo unaitwa kikaoni.

Hali hii si ya Kagera peke yake. Tathmini ya huduma za saratani ya titi nchini, iliyotolewa mwaka 2017, ilionyesha kwamba takriban wagonjwa 8 katika kila 10 hugundulika ugonjwa ukiwa umefika hatua ya tatu au ya nne, wakati tiba ni ngumu, ghali na mara nyingi imechelewa. Saratani hii ni ya pili kwa wanawake wa Tanzania, baada ya ile ya mlango wa kizazi.

Kwa nini wanachelewa? Kuna majibu mawili, na kila jibu linataka fedha ya umma iende kwake. La kwanza linasema wanawake hawajui, au wanajua na kuogopa. Basi tuongeze elimu, redio, mikutano na kampeni za kila Oktoba. La pili linasema wanawake wanachelewa kwa sababu njia ya tiba ni ndefu na inakatikakatika. Basi tuitengeneze njia. Yote mawili yana ukweli. Lakini tukiulizwa shilingi ya kwanza iende wapi, mimi nasema iende kwenye njia.

Tuanze na hofu, maana ipo. Mwanamke anaogopa kukatwa titi, anaogopa mumewe atatazama pembeni, anaogopa majirani watasema amerogwa. Anaanza na mitishamba kwa sababu mganga yuko jirani, anamsikiliza hadi mwisho na hamwambii arudi baada ya wiki tatu. Hata akipata ujasiri, uamuzi wa kutoka nyumbani hauko mikononi mwake peke yake. Atamwambia mumewe, "Baba, hiki kitu kinakua," naye atajibu kwa nia njema kabisa, "Tungoje kahawa iuzwe." Mume huyo si mkatili. Amepiga hesabu ya nauli akaona mfuko hautoshi.

Mkoa wetu umewahi kupita katika ukimya mzito kuliko huu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, jina la fulana zilizokuwa katika fasheni, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa haujapewa jina lake. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuta takriban asilimia 24 ya watu wazima wa mji wa Bukoba wana virusi. Kufikia mwaka 1996 kiwango hicho mjini kilikuwa kimeshuka hadi kama asilimia 13, kabla dawa za kufubaza virusi hazijawafikia wananchi. Anayetetea elimu ana haki ya kuishika takwimu hiyo: watu walielewa, wakabadilika, maambukizi yakapungua.

Hata hivyo, tuangalie kilichowafanya wenye virusi wenyewe wajitokeze. Kwa miaka mingi kupima kulikuwa sawa na kusomewa hukumu, na wengi walikataa hukumu hiyo. Dawa za bure zilipoanza kutolewa nchini mwaka 2004, kisha zikasogea hadi hospitali za wilaya na vituo vya afya, kupima kukawa mlango wa kuishi. Watu wakapanga foleni. Kilichovunja ukimya ni dawa iliyo karibu na jirani aliyenenepa tena. Saratani ya titi haiambukizi, wala hakuna mwenendo mmoja ambao mtu akiuacha ataikwepa. Kwa hiyo funzo la UKIMWI linaloifaa zaidi ni hili la pili: tiba iliyo karibu.

Sasa tuipime njia yenyewe. Shirika la Afya Duniani limeweka vipimo vitatu kwa kila nchi: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike katika hatua ya kwanza au ya pili, utambuzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni, na angalau asilimia 80 wamalize matibabu yao. Vipimo hivi vinatufaa kwa sababu kimoja tu kati ya vitatu kinamhusu mwanamke kabla hajafika kituoni. Viwili vinaihusu huduma.

Mfikirie mama wa Nshamba, wilayani Muleba. Zahanati inampeleka hospitali ya Rubya. Rubya inaweza kumpeleka Bukoba, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kutoka hapo rufaa ya saratani katika kanda ni Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limemwondolea foleni ya kivuko, na hilo ni jambo la kushukuru. Meli ya New Victoria, iliyorejea majini mwaka 2020, humchukua Bukoba au Kemondo na kumlaza ziwani usiku mmoja. Akianza tibakemikali, anarudi kila baada ya siku 21 au karibu na hapo, kwa miezi kadhaa. Akihitaji mionzi, ataipata siku tano kila wiki kwa wiki tatu hadi tano. Yuko na ndugu wa kumuuguza, na wote wawili wanakula na kulala ugenini. Sera yetu inaiweka saratani kati ya magonjwa yenye msamaha wa gharama katika hospitali za umma, na Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Lakini msamaha wa matibabu haulipi nauli, wala haupalilii kibanja kilichoachwa.

Safari ya mionzi haina mkato. Mashine hizo zinataka wataalamu wa nadra na umeme usioyumba, na kudai Bukoba iwe nayo kesho ni kudai tusichoweza kukitunza. Lakini safari ya kutafuta jibu, ile ya mwanzo kabisa, haina sababu ya kuwepo. Kutoa kinyama titini kwa sindano ni kazi ya dakika chache, chini ya ganzi. Daktari aliyefundishwa anaweza kuifanya katika hospitali za Rubya, Ndolage, Kagondo au Bukoba mjini. Mtaalamu adimu ni yule anayekisoma kinyama kwa darubini, naye hahitaji kumwona mgonjwa. Basi sampuli ipande meli, mama abaki Muleba. Jibu lirudi kwa simu ya daktari wake. Vimbe nyingi za titi si saratani, kwa hiyo wanawake wengi wataambiwa waende nyumbani kwa amani bila kuuza mbuzi wala kukopa. Na yule atakayeambiwa ana saratani atapanda basi akijua anakwenda kutibiwa.

Majirani zetu wamekwisha kufanya hivyo. Butaro ni hospitali ya vijijini, katika milima ya kaskazini mwa Rwanda. Mwaka 2012 ilifunguliwa huko huduma ya saratani, ikiendeshwa na madaktari wa kawaida na wauguzi waliofundishwa, wakiongozwa kwa mbali na mabingwa. Mwanzoni vinyama vilisafirishwa hadi Boston, Marekani, kusomwa. Mashine ya mionzi haikuwepo. Waliohitaji mionzi walipelekwa nje ya nchi. Baadaye wauguzi wa vituo vya afya wilayani humo walifundishwa kupima matiti kwa mikono, na wagonjwa wa hatua za mwanzo wakaanza kuonekana zaidi. Kama kinyama kiliweza kuvuka bahari ya Atlantiki, hakishindwi kuvuka Ziwa Victoria.

Upande wa wananchi nao una deni. Utafiti wa mwaka 2000 katika kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, ulihoji kaya zote 119 na kukuta mtandao mnene wa vikundi vya kufaana misibani, vikiwemo vya bujuni, jina la Kihaya linalotokana na kusaidia. Tunajua kuchanga. Mtu akifa, unga, maharage, kuni na fedha hufika kabla ya jua kuzama. Lakini mwanamke mwenye uvimbe hufika mlango kwa mlango akiomba nauli kama mwombaji. Vikundi hivi viandike katika katiba zao fungu la safari ya tiba, lenye kiwango kinachojulikana, linalotolewa kwa karatasi ya rufaa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa mwaka 2024, wamfuate mgonjwa kwa jina lake hadi amalize dozi, kama mgonjwa wa kifua kikuu anavyofuatwa.

Elimu nayo itapata kazi yake. Tangazo la redio litakuwa na kitu cha kusema zaidi ya "jichunguze". Litasema: nenda kituo fulani, siku fulani, utapimwa, na jibu litakufikia kabla ya siku 60. Kumwambia mwanamke atafute uvimbe bila kumwonyesha pa kuupeleka ni kumwachia mzigo wa hofu aubebe peke yake.

Halmashauri za Muleba na Bukoba, pamoja na madhehebu yanayoendesha hospitali zetu, ziweke hesabu moja hadharani kila mwaka: wangapi walikuja na uvimbe, na kila mmoja alisubiri jibu siku ngapi. Na wewe mume, kaka au mtoto wa kiume unayesoma haya, mama akikuambia kuna kitu titini, usimuulize kama kinauma. Usingoje kahawa. Ongozana naye kituoni wiki hii hii, ukae naye kwenye benchi hadi aitwe.