SAYANSI ILIYO JIKONI MWAKO

Mama mpendwa, mwanao wa sekondari akikuuliza habari za mabadiliko ya kikemikali, usimwambie akamuulize mwalimu tu. Yanatokea jikoni mwako kila siku, na mengine yanaweza kuidhuru familia.

Kwanza tutofautishe. Chumvi ikiyeyuka katika maji bado ni chumvi. Yachemshe maji yakauke, utaikuta chini ya sufuria. Lakini mkaa ukishakuwa majivu, hauwi mkaa tena. Badiliko la kikemikali huleta kitu kipya. Mara nyingi utaona joto, mapovu, harufu mpya au rangi kugeuka.

Kuungana: Kisu cha chuma kikiachwa na unyevu, chuma huungana na oksijeni na maji, ikatokea kutu. Ndiyo sababu tunakikausha na kukipaka mafuta.

Kutengana: Magadi soda yakipata joto la kutosha huvunjika na kutoa hewa ya ukaa, ambayo huumua keki.

Asidi na besi: Tia magadi soda katika maziwa ya mgando au maji ya ndimu, povu litatoka papo hapo. Kwa hiyo ukishachanganya, oka mapema kabla hewa haijapotea. Ukoko mweupe wa chokaa ndani ya birika nao huondolewa na siki kwa njia hiyo hiyo.

Kuungua: Hapa tuwe waangalifu sana. Mkaa ukipata oksijeni ya kutosha hutoa joto na hewa ya ukaa. Oksijeni ikipungua, kama katika chumba kilichofungwa, hutoka kwa wingi kabonimonoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hushikwa na kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huweza kufa asijue lolote. Basi usiingize jiko la mkaa chumbani mnamolala, hata kama kuna baridi na mtoto mchanga, na hata kama mkaa umeshika vizuri na hautoi moshi. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango, mtoe nje upesi na umpeleke hospitali.

Jambo la mwisho ni dawa za usafi. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, wala na siki. Hutoa hewa ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Ikichanganywa na amonia pia hutoa hewa ya sumu. Tumia moja tu, suuza kwa maji mengi, na acha dirisha wazi.

Jioni ya leo mwite mwanao jikoni, wa kike au wa kiume, mtaje pamoja kila badiliko mtakaloliona. Atafaidika darasani, na nyumba yako itakuwa salama zaidi.