Kabla ya Kuuza Mtamba



Kijana wa Olbalbal anapotamani udereva, macho yake huelekea kwanza kwenye magari ya watalii yapitayo lango la Lodoare kwenda Serengeti. Akikosa huko, hutazama malori ya masafa marefu: matanki ya petroli, kemikali za migodini, mitambo mipana isiyoenea barabarani. Tusimhesabie kuwa ni tamaa. Ndani ya eneo la Ngorongoro kilimo hakiruhusiwi, na mifugo peke yake haiwezi kuilisha kila nyumba.

Njia ya kufikia usukani huo mara nyingi huanzia kwenye utingo. Utingo hukaza kamba, hubadili matairi, hulala chini ya lori kulinda mzigo, naye hana hata karatasi moja yenye jina lake. Utingo si aibu. Aibu ni ya mwenye mali anayemkabidhi mtoto wa watu sumu au petroli pasipo kumweleza amebeba nini.

Hatari hiyo si ya mtu mmoja. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa.

Sheria zipo. Kemikali zina sheria yake ya mwaka 2003, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na anayezisafirisha hupaswa kufunzwa. Mzigo uliozidi vipimo huhitaji kibali maalumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa juma, na inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, huchangiwa na mwajiri pasipo kukata mshahara. (Ni madereva wangapi wamewahi kuambiwa hilo?) Papa Yohane Paulo II alikwisha kutufundisha mwaka 1981, katika waraka Laborem Exercens, kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu.

Hapa ndipo tunapojilaumu sisi wenyewe. Makatekista na wazee wa jumuiya huombwa barua za utambulisho, nasi hugonga mhuri tukamtakia kijana heri. Tangu sasa tumwulize kwanza: mkataba uko wapi, mzigo ni wa namna gani, nani amekufundisha kuubeba? Asipokuwa na majibu, twende naye kwa mwajiri, au tumwandikie.

Nanyi wazazi, mtamba akiuzwa, fedha zilipie mafunzo katika VETA au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Zisiende kwa dalali aahidiye usukani. Tunajua chuo ni mbali, na dalali huja mpaka mnadani. Kwa sababu hiyo tunaziomba halmashauri za walei zitenge sehemu ya mavuno ya jumuiya kwa nauli ya vijana hao, na mwenye mkataba asioufahamu aulete baada ya Misa tuusome pamoja.