Vipuri vya Safari Ndefu: Kipi Kibebwe?

Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipitia Tabora, na mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Kuchagua cha kubeba kulikuwa elimu kamili. Shanga zilizopendwa katika nchi moja zilikataliwa katika nchi iliyofuata, na tajiri aliyekosea rangi alikuwa amegharimia uzito mtupu.

Asafiriye leo kwa pikipiki kutoka Tabora kupitia Urambo na Kaliua hadi Uvinza anakabiliwa na hesabu ile ile, na wengi huikosea. Hufunga nyuma ya kiti vipuri vya bei kubwa, au kile kilichowaharibikia safari iliyopita. Lakini bei ya kifaa haielezi lolote juu ya uwezekano wa kuharibika kwake. Yafaa kuuliza: kifaa hiki huharibika mara ngapi? Kikiharibika, chombo kitasimama? Na je, kinapatikana njiani? Pistoni ni ghali, lakini haivunjiki ovyo, na ikivunjika haibadilishwi kando ya barabara. Waya wa mafuta, ule unaovutwa na mkono wa kulia, ni mwepesi na wa bei ndogo. Ukikatika katikati ya miombo, safari imekwisha.

Wapo wasemao kwamba siku hizi kila mji mdogo una fundi. Ni kweli, lakini fundi huweka vipuri vya pikipiki zilizo nyingi mahali pake. Basi mwenye pikipiki ya aina adimu ndiye anayepaswa kubeba zaidi, ingawa mara nyingi huwa kinyume.

Kosa baya zaidi ni la vipimo. Minyororo ya namba 420 na 428 ina nafasi sawa kati ya pini na pini, yaani milimita 12.7. Upana wa ndani ndio unaotofautiana: milimita 6.35 kwa wa kwanza, na karibu 7.9 kwa wa pili. Aliyebeba kiungo cha 420 kwa mnyororo wa 428 amebeba shanga za rangi isiyotakiwa.

Kwa sababu hiyo, kipuri kipya kifungwe kabla ya safari, na kile cha zamani, kama bado kizima, ndicho kibebwe. Hapo kasoro ya kiwandani au spana iliyosahauliwa hugunduliwa uani, si kando ya Mto Malagarasi. Mhudumu wa afya aliyebeba chanjo zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi hawezi kungoja kipuri kitoke mjini; barafu inayeyuka.

Ni ajabu kwamba uwezekano hufundishwa kwa sarafu na dadu tu, hali pikipiki zimejaa nje ya madarasa. Mizani ya maabara, rula ya milimita na orodha ya matengenezo ya fundi wa jirani vyatosha kuanzia.