Mieleka ya Watoto: Tusiikataze, Tuifundishe

Ukipita Ipuli jioni chini ya miembe, wakati akina mama wanawasha mkaa, hukosi kuona wavulana wawili wamekamatana mchangani na wenzao wamewazunguka wakishangilia. Mchezo wa kuangushana ni wa zamani. Jirani zetu Waganda wanao wao wanaouita kigwo, nasi wenyewe tulipigana mitama machungani bila kufundishwa na mtu. Lakini zamani mgongo ukigusa chini, umeshindwa, mchezo umekwisha. Siku hizi hapo ndipo mchezo unapoanza. Watoto wanakaliana vifuani, wanakabana koo kwa miguu, wanakunjana viwiko. Wameyaona kwenye simu za kaka zao na kwenye vibanda vya video.

Wazazi wengi wametuambia dawa yake ni fimbo. Sisi hatukubaliani nao. Mtoto anayechapwa kwa ajili ya mieleka haachi mieleka, bali huhamia nyuma ya nyumba asikoonekana, na huko akizimia hakuna mtu mzima wa kumsaidia.

Basi ni vizuri tujue mchezo wenyewe ni nini. Mjapani Jigoro Kano alianzisha judo mwaka 1882. Mwanafunzi wa shule yake, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil mwaka 1914, na huko akamfundisha kijana Carlos Gracie. Carlos na ndugu zake, hasa Hélio aliyekuwa na mwili mdogo, waliuendeleza upande wa kupambana chini, na hiyo ndiyo jiujitsu ya Brazil. Dunia iliutambua zaidi mwaka 1993, pale Royce mwana wa Hélio alipowashinda huko Marekani watu wazito kuliko yeye. Kwetu Tanzania ndugu yake mkubwa, yaani judo, ndiye anayejulikana, hasa Zanzibar. Andrew Thomas Mlugu ameichezea nchi yetu judo katika Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016 na ya Paris mwaka 2024.

Mikao yake si mingi. Upo wa kumkalia mwenzako kifuani, upo wa kumlalia kwa ubavu kifua juu ya kifua, upo wa kumdaka mgongoni na kumfunga kwa miguu, na upo wa goti tumboni. Halafu upo ule unaowashangaza wageni: aliye chini, chali, anamfunga aliye juu kiunoni kwa miguu yake miwili na kumshika mikono. Hajashindwa. Kutoka hapo anaweza kumpindua, au kuinua nyonga na kuponyoka. Tunasema wazi kwamba mkao huu binti zetu wangefaa kuujua kabla ya wavulana, maana mtu mbaya akimwangusha binti chini hutegemea kwamba kazi imekwisha. Baadhi ya wazazi watatukunjia uso hapa. Tunawaomba wafikiri tena, na kama shaka yao ni juu ya heshima, wasichana na wafundishwe na mwanamke, peke yao.

Sasa tuje kwenye hatari, na ya kwanza ni kabali, ile ambayo vibaka huiita roba ya mbao. Wengi wanadhani kabali huzuia pumzi tu. La hasha. Ikishikwa kwa ufundi hubana mishipa mikubwa ya damu inayopanda kichwani pande zote mbili za koo, na mtu huzimia katika sekunde 10 hivi au pungufu, hata kabla ya kuhisi kukosa hewa. Akiachiwa mara moja, kwa kawaida huzinduka. Asipoachiwa, ubongo unaokosa damu kwa dakika chache huharibika usipone. Ndiyo sababu katika nchi nyingi watoto wadogo wanaojifunza judo hawaruhusiwi kabisa kukabana shingo wala kukunjana viwiko. Sisi tunataka sheria hiyo hiyo chini ya miembe ya Ipuli. Na ule upuuzi wa watoto kukabana makusudi ili wasikie kizunguzungu usichekwe na mzazi yeyote. Ni mchezo wa kifo.

Mtoto akizimia, asimwagiwe maji wala kupigwa makofi. Alazwe kwa ubavu, kinywa kitazamwe kama kina kitu, pumzi isikilizwe. Kama hapumui, apuliziwe na kifua kibonyezwe na anayejua, huku wengine wakitafuta gari. Hata akizinduka vizuri, apelekwe akaonekane siku hiyo hiyo.

Shingo ina habari yake. Wazee wetu wapagazi walipotoka hapa Unyanyembe kwenda Bagamoyo walibeba frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, wengine begani na wengine kichwani, kwa miezi. Shingo ya binadamu huvumilia mzigo ulionyooka. Haivumilii kupindwa, wala kuangukiwa kwa kichwa, na hapo ndipo kumwinua mwenzako juu na kumbwaga kunapoleta kilema. Mtoto aliyeanguka hivyo akilalamika shingo, au akisema miguu imekufa ganzi, asiinuliwe kwa makwapa. Tunasikitika kuona majeruhi wa namna hii wakikalishwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, kichwa kikiyumba hadi hospitali. Mmoja ashike kichwa kisicheze, wengine wambebe juu ya ubao au mlango, na gari litafutwe hata kama litachelewa kidogo.

Kuhusu viwiko, kuna kisa kinachofaa kusimuliwa. Mwaka 1951 katika uwanja wa Maracanã, Mjapani Masahiko Kimura alimkunja Hélio Gracie mkono nyuma ya mgongo. Katika mchezo huu anayezidiwa humgonga mwenzake kwa kiganja, na mwenzake humwachia papo hapo. Hélio alikataa kugonga mpaka mkono ukavunjika, na ni kaka yake Carlos aliyesalimu amri kwa niaba yake. Mpaka leo mkunjo ule unaitwa Kimura. Vijana husimulia kisa hiki kama ushujaa. Sisi tunaona mkono uliovunjika bure. Mtoto afundishwe kugonga kabla ya kufundishwa jambo lingine lolote, na kama mikono imebanwa aseme “basi” kwa sauti. Asiyeachia mwenzake anapogonga, asicheze tena.

Na kiwiko kikiteguka, tafadhali, kisikandwe. Kukanda kiwiko kibichi kwa mafuta na kukivuta huweza kufanya mfupa mpya uote ndani ya nyama, na mkono ukabaki umejikunja maisha yote. Kifungwe kama kilivyo, kwa kitambaa cha kuning’iniza shingoni, na mtoto apelekwe Kitete.

Lipo jambo moja ambalo vitabu vya wenzetu wa Ulaya hawana haja kubwa ya kulitaja, lakini kwetu ni kubwa. Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi Tanzania Bara. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, au mwenye selimundu, au mwenye kichocho cha tumbo, huweza kuwa na wengu uliovimba, ambao wengine huuita bandama. Wengu uliovimba hupasuka kwa urahisi na kuvuja damu ndani, nje kusionekane jeraha. Goti tumboni kwa mtoto wa namna hiyo ni hatari kuliko kabali. Akipauka, akasikia kizunguzungu, tumbo likimuuma na maumivu yakapanda bega la kushoto, msingoje asubuhi. Kwa hiyo ule mkao wa goti tumboni tunaufuta kwa watoto wote, na mwenye selimundu apate ruhusa ya daktari kwanza, maana hata kuchoka sana na kukosa maji ya kunywa huweza kumletea maumivu makali.

Vifaa visiwe kisingizio. Magunia yaliyojazwa pumba za mpunga, ambazo Tabora hazina shida, yakipangwa na kufunikwa turubai lililovutwa vizuri, yanatosha kujifunzia kuanguka. Turubai lioshwe kwa sabuni kila baada ya mchezo na kuanikwa juani, kucha zikatwe. Mwenye mapunye, choa, upele au kidonda kinachotoa maji angoje mpaka apone, na damu ikitoka mchezo usimame hadi jeraha lifunikwe. Mtu mzima mmoja akae hapo tangu mwanzo hadi mwisho, na simu yake iwe mfukoni.